Alhamisi ya Kumsajili Nadhiri

Juzi nilikuwa narudi nyumbani Al Amerat, nje kidogo ya Maskati, nikapita karibu na uwanja wa vumbi ambao vijana wa mtaa huchezea mpira jioni. Lori la maji lilikuwa linaumwagia uwanja kabla ya mechi. Vioo vya gari nilikuwa nimevifunga, lakini harufu ya vumbi lililoloa iliingia hivyo hivyo, na kabla sijajua ninalofanya nilikuwa nimeegesha pembeni. Nililia robo saa nzima, mama mzima wa watoto watatu. Mwanangu wa mwisho, aliyekaa nyuma na mkoba wake wa shule, akaniuliza kwa Kiarabu kama meno yananiuma. Nikamwambia ndiyo.

Wale wa rika langu waliokulia mtaa wa Ghubra, Maskati, wataijua harufu ile. Viwanja bado vilikuwa vitupu wakati ule, nyumba hazijabanana, na magoli yalikuwa mabomba ya chuma aliyoyachomelea fundi mmoja wa Kihindi bila hata kupima. Mapumziko yetu yalikuwa Alhamisi na Ijumaa. Alhamisi baada ya sala ya alasiri uwanja ulimwagiwa maji, vumbi likatulia, na kaka yangu Nadhiri akashuka kucheza. Yeye alikuwa na miaka kumi na minane, mimi tisa. Viatu vyake nilivisafisha mimi kwa mswaki mkuukuu, na sikumruhusu mtu mwengine avishike.

Wakati huo huo Baba alikuwa akitandika mkeka nje ya geti, kwenye kivuli cha ukuta, na rafiki zake wawili wakaja kukaa. Ammi Hilali alizaliwa Unguja kama Baba; alikuwa mwembamba, mwenye kikohozi na ubishi. Ammi Masudi alizaliwa Tabora, mnene, anayecheka kabla hajamaliza alichotaka kusema. Wote watatu walikuwa watu wa ofisini, wakihangaika na Kiarabu wiki nzima, na wakifika mkekani walivua kofia wakarudi kwenye Kiswahili kama watu waliovua viatu vinavyobana. Mazungumzo yao yalikuwa mpira: nani kasajiliwa na klabu gani, nani kaachwa, na nani alicheza vipi huko walikotoka, miaka ambayo mimi sikuwa hata katika fikra za mtu.

"Wamesajili Mbrazili," Ammi Hilali alisema Alhamisi moja, kwa sauti ya mtu anayetoa habari ya msiba.

"Nimemwona huyo," Ammi Masudi akacheka. "Anakimbia kama kabeba sinia la maandazi kichwani."

"Nyinyi Tabora mnajua nini? Mlikuwa mkicheza na maembe mabichi."

"Na tuliwafunga na hayo hayo maembe! Watu wa pwani mpira wenu uko mdomoni."

Lazima wafike kwa Feruzi. Hakuna Alhamisi iliyopita bila ya Feruzi, winga wa kushoto wa timu ya Dhoruba, ambaye kwa maneno ya Ammi Hilali hapana mwanamke aliyepata kuzaa mguu kama wake. "Kona akiipiga yule bwana, wallahi, wewe golikipa una wakati wa kwenda kutia udhu ukarudi, na mpira bado unapinda." Ammi Masudi alipiga mapaja. Baba hakucheka. Na kutoka ndani Mama alipaza sauti, "Chai tayari!" Mimi nilikuwa naye jikoni, nikaona kwamba birika hata halijaanza kutoa mvuke. Nilidhani Mama hapendi mpira tu.

Halafu wote wanne, wale watatu wa mkekani na Mama dirishani, walimtazama Nadhiri akicheza kule uwanjani, na hakuna aliyesema neno. Mguu wake ulikuwa wa kushoto. Mimi nilikiona kimya kile, na akili yangu ya miaka tisa ikakitafsiri kwamba hawamwamini. Nikaona wanamlinganisha na huyo Feruzi wao, na wanamwona hafai. Iliniuma sana, maana hapakuwa na mtu duniani niliyempenda kuliko Nadhiri. Ndiye aliyenibeba mabegani siku za mvua Ghubra yote ilipojaa maji, na ndiye aliyeniita Kidagaa, jina ambalo mwengine akiniita nilimrushia mawe.

Picha niliiona mwaka ule ule. Ilikuwa ndani ya kasha la Mama, chini ya kanga, mahali alipoweka udi na vyeti. Mwanamme kavaa jezi ya mistari, kampakata mtoto wa miaka miwili hivi, anacheka na jua liko machoni mwake. Sura ilikuwa ya Nadhiri mtupu. Nyuma paliandikwa kwa kalamu, maandishi ya kike yaliyolala: Nadhiri na babake Feruzi, baada ya mechi.

Mtu atauliza vipi sikushtuka. Sikushtuka kwa sababu ya Zuhura. Zuhura wa nyumba ya pili alikuwa na mama wawili, mmoja Ghubra na mmoja Khuwair, na kila Idi alipata nguo mara mbili. Basi nilipoisoma picha ile niliona jambo la kawaida kabisa: wako watu waliojaaliwa mama wawili, na Nadhiri kajaaliwa baba wawili, mmoja wa hapa na mmoja wa Unguja. Nilimwonea wivu kidogo. Nikanyamaza, kwa kuwa kasha la Mama lilikuwa haliguswi na mimi nilikuwa nimeligusa.

Yaliyobaki niliyajua nilipokuwa mkubwa, kipande kipande. Mama alikuwa na mdogo wake aliyeolewa na Feruzi, akafa katika uzazi wa pili. Feruzi alikuwa ameshaondoka na mpira wake kwenda bara, hajulikani aliko. Ukoo ulikuwa unafunga mizigo kuja Oman, na Mama akasema hapandi ndege bila ya mtoto wa mdogo wake. Sasa sisi tuliorudi nchi ya babu zetu, karatasi zetu zilipita kwa baba: jina lake, la babake, la kabila lake, na mashahidi wa kuyathibitisha. Feruzi hakuwa na kabila la huku. Baba akamwandikisha mtoto kuwa wake wa kumzaa. Mama aliniambia kwamba Baba alitia saini huku machozi yanamtoka, maana alikuwa mtu wa msikitini na alijua kwamba kumlea yatima ni thawabu, lakini kumpa nasaba isiyokuwa yake dini haikuruhusu. Aliibeba saini ile kila Ijumaa kwa miaka kumi na mitano.

Na Nadhiri mwenyewe hakuambiwa. Hilo ndilo sikulijua, na laiti ningelijua.

Siku ikafika. Klabu moja kubwa ya Maskati, jina lake naliacha, ilikuwa imemwona Nadhiri na inamtaka. Mudiri, yaani meneja wa klabu, Mwarabu wa Ndani, bara ya Oman, asiyejua hata neno moja la Kiswahili, akaja nyumbani Alhamisi na faili la fomu. Nadhiri alioga mara mbili. Mama alisonga halua tangu asubuhi, akasimama nyuma ya pazia la mlango wa majlisi, chumba cha wageni, asikilize. Ammi Hilali na Ammi Masudi walikuwa wamekaa wima kama watu wa posa.

Mimi niliitwa nikae ubavuni mwa Baba. Kwetu, na najua si kwetu peke yetu, mtoto wa shule ndiye aliyekuwa ulimi wa nyumba. Kiarabu cha wazee kilikuwa na Unguja ndani yake, watu wakawacheka madukani; chetu sisi kilikuwa kimenyooka. Barua za maji na umeme nilizisoma mimi. Kwa hivyo na fomu ile niliisoma mimi, mstari kwa mstari, na Baba akajaza. Jina la mchezaji. Akaandika. Tarehe ya kuzaliwa. Akaandika. Jina la baba. Kalamu ikasimama.

Baba akaifuta mikono kwenye dishdasha, ile kanzu yake ya Kiomani, akaishika tena kalamu, ikasimama tena. Nikainua macho, nikamwona Ammi Hilali anatazama zulia. Kile kimya cha mkekani kilikuwa kimetufuata mpaka ndani. Mudiri, kwa kutaka kuchangamsha, akacheka, "Ya Abu Nadhiri, huu mguu wa kushoto mtoto kautoa wapi? Nasikia wewe hujapata kupiga hata mpira wa soksi." Wakacheka wote, kwa nguvu kupita kiasi.

Nikaona sasa ndio wakati. Wanamtilia shaka ndugu yangu, na ushahidi ninao mimi. Nikatoka mbio, nikampita Mama paziani, nikafungua kasha, nikarudi na picha juu juu.

"Hadha abuh," nikasema. Huyu ndiye babake. Nililisema kwa Kiarabu cha kumfurahisha mwalimu, kila herufi mahali pake, na nikaendelea kuwa jina lake Feruzi, na kwamba alikuwa winga mkubwa kuliko wote Unguja, waulizeni hawa.

Wa kwanza kuichukua picha alikuwa Nadhiri, naye alikuwa bado anatabasamu, akidhani ni moja ya michezo yangu. Akaitazama. Akaigeuza. Niliona midomo yake ikisoma yale maandishi yaliyolala, neno moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Halafu akaliangalia pazia.

"Mama?" akasema.

Nyuma ya pazia Mama akakaa chini kwa kishindo. Mudiri akafunga kalamu yake, akakusanya fomu, akasema atapita tena kabla usajili haujafungwa, inshallah. Kahawa yake hakuimaliza. Alipotoka, nilimsubiri Baba anipige, nikajikunja kabisa. Hakunigusa. Alikaa pale pale na mikono yake magotini mpaka magharibi ikaadhiniwa.

Usajili ulikuwa unafungwa Alhamisi iliyofuata. Siku saba kama zile sijapata kuzipita tena katika maisha yangu, hata katika uchungu wa uzazi. Nilimwambia Mama nimesema uongo. Nilimwambia Baba picha nimeiokota. Nadhiri alikuwa hali na sisi, anatoka alfajiri na kurudi kulala, na nilipomfuata mpaka mlangoni kwake akaniwekea mkono kichwani, akafunga mlango. Niliandika barua kwa mudiri, kwa hati yangu nzuri, kwamba mimi ni mwongo mashuhuri na shuleni wote wananijua. Nikampa Ammi Masudi aipeleke. Aliisoma palepale, mtu yule wa kucheka, akaikunja akaitia mfukoni. "Sawa, mwanangu," akasema. "Nitamfikishia." Nikamwona anajifuta uso kwa kofia.

Usiku nilimwomba Mungu anichukulie mguu wangu mmoja, wowote autakao, ili Nadhiri asajiliwe. Asubuhi nilipoikuta miguu yote miwili nililia. Siku ya Jumatatu nilitapika maji matupu, na Mama, aliyekuwa hana nguvu za kunitazama mimi na msiba wake pamoja, akanipeleka Al Amerat kwa Shangazi. Kule nilikaa karibu na simu. Alhamisi ikaja ikapita, na simu haikulia kwa ajili yangu.

Niliporudishwa nyumbani, kitanda cha Nadhiri kilikuwa kimevuliwa shuka. Viatu havikuwapo.

"Kaka yako kasafiri," Mama akasema. "Kenda Unguja, kwa nduguze babake."

"Kwa sababu yangu?"

"Nenda kaoge, umejaa vumbi."

Hilo ndilo jibu nililopata, na sikupata jengine. Hakuna aliyenilaumu, si siku ile wala baadaye. Laiti wangenilaumu, ningejitetea, ningelia, ningesamehewa. Mtu hasamehewi kosa ambalo hakuna anayelitaja. Niliisikia nyumba nzima ikinyamaza juu ya kichwa changu, na nikajua kwa yakini kwamba mimi, kwa ulimi wangu uliosifiwa, nimemfukuza ndugu yangu nchini. Kuanzia mwaka ule nilikuwa nasoma vizuri ila siinui mkono darasani. Mwalimu aliandika kwamba nimekuwa mpole. Na Baba aliukunja mkeka, akaacha kukaa nje.

Nadhiri alicheza Unguja misimu miwili, goti likavunjika, akaenda Dar es Salaam kutengeneza mafriji. Haya niliyajua kwa Mama, kwa sababu alipiga simu mara kwa mara, na kila alipopiga, Mama baada ya kuzungumza naye alinyoosha mkono wenye simu kwangu. Nami nikatikisa kichwa. "Mwambie nasali," nikanong'ona. Nilisali sala nyingi ambazo hazina wakati wala rakaa. Siku ya harusi yangu alipiga, nikasema mikono ina hina. Nilipojifungua mtoto wa kwanza alipiga, nikasema nimelala. Nilikuwa nataka kuisikia sauti yake kuliko chochote, na nilikuwa naona haya. Ningemwambia nini? Habari za goti?

Baba akafa. Siku ya tatu, khitma ilipokwisha, Ammi Hilali alikuja kumpa Mama mkono wa pole. Alikuwa amezeeka, kikohozi kimemla, lakini ubishi uko pale pale. Nikamletea kahawa. Akawa anamzungumza marehemu, na kama kawaida yake hakukawia kufika kwenye mpira.

"Babako alikuwa mtu wa haki kupita kiasi," akaniambia. "Mie n'livyomuona siku ile alorudi mudiri, nkasema huyu bwana si wa dunia hii."

"Alorudi nani?" nikauliza.

"Mudiri wa klabu. Si karudi ile Alhamisi ya mwisho ya usajili? Tumekaa zetu mkekani, huyo, na fomu zake. Kasema, bwana we, maneno ya mtoto hayaandikwi, mie sikusikia kitu. Andika jina lako hapa, kijana atie saini, yakhe, tupate winga. Kampa babako na kalamu." Ammi Hilali akakohoa, akanywa funda la kahawa. "Babako kaishika ile kalamu, kakaa nayo wee. Mie namkanyaga mguu, andika, andika! Halafu karudisha. Kasema, mtoto kasema kweli. Huyu si mwanangu wa kumzaa, na sitoandika tena. Khalas. Wiki ile ile kamkatia mtoto tiketi, kabla hajaja mtu wa serikali kuuliza habari za karatasi."

Nikamtazama Mama. Mama alikuwa anatazama kikombe. Alijua, bila shaka alijua.

Nitasema nilivyohisi, maana nimechoka kunyamaza: nilimkasirikia maiti. Kaburi lake bado bichi, na mimi nilikuwa jikoni nimeshika ukingo wa sinki, namchukia. Haki yake na Mungu wake ni yake, simhukumu, na huenda ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo. Lakini alikula na mimi sinia moja miaka na miaka. Aliniona ninavyosinyaa simu ikilia kutoka Unguja. Maneno mawili tu yangenitosha, si wewe, na hakuyatoa. Labda hakuwahi kufikiri kwamba mtoto anaweza kubeba kitu kikubwa hivyo. Au aliona afadhali kibebwe na mtu mwengine.

Nikachukua simu ya Mama, nikaenda chumba kile kilichokuwa cha Nadhiri, nikapiga. Akaitikia akidhani ni Mama.

"Ni mimi," nikasema, na yote yakatoka kwa pumzi moja: picha, barua, mguu niliomwomba Mungu auchukue, na kwamba nilidhani ni mimi niliyemfukuza, ndiyo maana sikuweza kusema naye. Haya ilinizuia. Nikamwambia aliyosema Ammi Hilali.

Nilimsikia Nadhiri anaweka chini spana, halafu mlango ukifungwa.

"Mie nilijua ni Baba," akasema. "Nilikuwa ndani ya geti, nilimsikia mwenyewe. Nilimsamehe zamani, hata ndege haijaruka." Akavuta pumzi. "Wewe ndiye sikukujua. Kila nikipiga, unasali. Unaolewa, una hina. Nkasema basi, kishaambiwa mie si ndugu yake, hana haja na mimi. Nilikaa na hilo, bibi we. Lile la Baba lilikuwa jepesi."

Nikamwambia wewe ni kaka yangu. Nililisema mara tatu, na mara ya tatu kwa kelele, mpaka Mama akaja kusimama mlangoni. Nadhiri alingoja nimalize.

"Ungelisema wakati ule," akasema kwa upole, "nilipokuwa nnalihitaji."